Sura ya Nne: Uliza Moto Kwanza

Ukinunua sangak mjini Tehran, kazi ya kwanza ni kuyatafuta mawe. Mkate wenyewe ni mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, mwembamba, wenye mashimo mashimo, na umechomwa juu ya kokoto. Kokoto moja mbili huondoka nao zimenata upande wa chini. Ndiyo maana kwenye maduka mengi kuna meza ya wavu: wateja huutandaza mkate pale upoe, huugeuza, huupigapiga kwa kiganja, na vijiwe hudondoka. Mwenye haraka zake hulipia kwa jino.

Mwokaji huchota donge laini mno la unga wa ngano isiyokobolewa uliochachushwa. Donge hilo halisukumiki kwa kipande cha mti, maana limejaa maji. Huliweka juu ya koleo la mbao lenye mgongo uliobinuka, hulitandaza kwa vidole vilivyolowa huku akilibonyezabonyeza, kisha huingiza koleo tanurini na kuuvuta mkate uteleze juu ya mteremko wa kokoto zilizopata moto wa kutosha. Pale ndipo mashimo yanapozaliwa. Unga hushuka kati ya kokoto, unaogusa jiwe unakauka na kubabuka kidogo, usiogusa unabaki laini, na mvuke unapata njia ya kutokea. Asubuhi unaliwa na jibini nyeupe na majani mabichi ya mnanaa na rehani. Wenye matumbo imara huutowelea supu ya kichwa na kwato za kondoo.

Wairani husimulia kwamba sangak ulibuniwa kwa ajili ya askari wa Shah Abbas, aliyetawala tangu mwishoni mwa karne ya 16, ili jeshi lililo safarini liweze kuoka popote penye kokoto na kuni. Mimi naiacha hadithi hiyo ibaki hadithi. Lakini aliyeitunga alikuwa na akili ya mpishi, kwa sababu aliuliza swali lililo sahihi. Hakuuliza askari wana unga gani. Aliuliza watauchomea wapi.

Watu wengi wakikutana na mkate wasioujua huuliza habari za unga: ni wa ngano, wa mahindi, wa nini? Swali si baya, ila linakupa nusu ya jibu. Ngano ile ile moja imezaa sangak, chapati, mantou za Uchina zisizo na ganda, na mikate ya Sardinia inayovunjika mkononi. Kilichotofautiana ni moto: nani alikuwa na kuni, kuni gani, na chombo gani cha kuuzuia moto huo usipotee bure. Mahali kuni zilipokuwa tele, watu walioka watakavyo. Mahali kuni zilipokuwa za kuhesabu, mkate ulijifunza adabu.

Chukua tanuri la udongo lenye umbo la mtungi, mdomo juu, moto chini, ambalo limeenea kutoka India hadi milima ya Kaukazi. Mkate haukai juu ya moto wala kando yake. Hubandikwa kwenye ukuta wa ndani. Uzuri wa mpango huu ni kwamba unakubali kuni za kimaskini. Uzbekistan, nchi ya pamba, watu wa vijijini wamezoea kuwasha tanuri kwa mabua ya pamba yaliyokauka baada ya mavuno. Mabua huwaka kwa fujo na kuisha upesi, lakini kufikia hapo ukuta mnene wa udongo umeshameza joto, na utalitoa polepole kwa mkate mmoja baada ya mwingine.

Shida ni namna ya kuufanya mkate ukae ukutani usidondoke kwenye majivu. Waokaji wa Uzbekistan hutumia mhuri wa mbao wenye misumari, uitwao chekich, kupiga katikati ya kila mkate kabla haujaingia tanurini. Mtalii huona maua na duara za kupendeza. Kazi halisi ya misumari ile ni kutoboa: katikati pasipotobolewa, hewa itavimba, mkate utajisukuma mbali na ukuta, na utaukuta umeanguka. Pembeni huachwa paumuke. Kwa hiyo mkate wa Samarkand una ukingo mnene unaotafunika na katikati pembamba pakavu, ukiwa mzito mkononi na unang'aa juu. Desturi moja ya huko inanipendeza kuliko maua yote: mtu anayeondoka kwenda safari ndefu, au kijana anayeitwa jeshini, huumega mkate kwa meno mara moja, na uliobaki hutunzwa nyumbani mpaka arudi aumalize.

Georgia wana tanuri la ukoo huo huo, wao huliita tone. Mkate wao, shoti, una tumbo pana katikati na ncha mbili zilizochongoka, na mwokaji wa kuubandika huinama ndani ya shimo mpaka kiuno, mkono mmoja umeshika mdomo wa tanuri, kisha huibuka uso mwekundu. Ncha za shoti ndizo tamu, na ni nadra zifike nyumbani.

Sisi wa Pwani hatupaswi kuyatazama haya kama mambo ya mbali. Mofa, vile vimkate vya mviringo vya unga wa mtama ambavyo wazee wa Uswahilini bado huvitaja kwa hamu, vina ndugu zao Barawa na Mogadishu, ambako muufo hubandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo, na ng'ambo ya bahari Yemen wana matanuri ya jinsi hiyo hiyo.

Na pale ambapo nyumba haina tanuri, Pwani ilibuni la kwake. Mtazame mama wa Unguja anayechoma mkate wa ufuta jioni ya Ramadhani. Unga wa ngano umekorogwa kwa tui zito la nazi na hamira, ukapigwa kwa mkono mpaka ukavutika, ukaachwa uumuke. Ni mlaini mno, haukatwi madonge, huchotwa. Anaubwaga kwenye kikaango kilichokwisha pata moto, anautandaza kwa mkono uliolowa maji mpaka ufike ukingoni. Anangoja. Chini ukishashika, anakishika kikaango mpini na kukipindua juu ya makaa, uso wa mkate ukitazama moto. Mgeni hushtuka hapo, akidhani chakula kimeingia jivuni. Hakidondoki, kwa sababu upande wa chini umenata barabara. Anakizungusha kidogo huku na huku, uso unapata madoa ya rangi ya hudhurungi, anakirudisha, anapaka samli na kunyunyiza ufuta. Kanuni ni ile ile ya Samarkand: bandika mkate kwenye chombo cha moto, uache uso wake utazamane na makaa. Tofauti ni kwamba Samarkand tanuri limekaa chini na mkate ndio unaosogezwa. Unguja tanuri zima liko mkononi mwa mpishi.

Mkate wa kumimina unafuata njia nyingine, ya moto chini na makaa juu ya mfuniko. Anayepika hivyo anajua kwamba makaa ya juu yanatakiwa yazidi ya chini, la sivyo utaungua tako kabla uso haujaiva. Hayo hayapatikani kwenye vitabu vingi vya mapishi vinavyoanza kwa kukwambia uwashe oveni.

* * *

Ukiondoa chombo kabisa, unabaki na ardhi. Watuareg wa Sahara huchoma taguella ndani ya mchanga. Wanawasha moto, wanangoja kuni ziwe makaa, wanayasukuma kando, wanalaza donge bapa lisilo na hamira juu ya mchanga wa moto, wanalifukia kwa mchanga na kuyarudisha makaa juu. Baada ya muda hufukuliwa, hugeuzwa, hufukiwa tena. Likiiva hupigwapigwa na kukwanguliwa, au hata kusuuzwa kwa maji kidogo, kisha humegwa vipande vidogo kwenye bakuli na kumwagiwa mchuzi. Usile taguella mkavu ukatoa hukumu. Umetengenezwa unywe mchuzi.

Namna hii ya kupika inaweza kuwa ya kale kuliko kilimo chenyewe. Mahali paitwapo Shubayqa, kaskazini mashariki mwa Yordani, wanaakiolojia walifukua meko mawili ya mawe yaliyotumiwa na wawindaji wa jamii ya Wanatufi, na kati ya maelfu ya mabaki yaliyoungua wakatambua chembe 24 za kitu kilichokuwa mkate. Utafiti wao, ulioongozwa na Amaia Arranz-Otaegui wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, ulichapishwa mwaka 2018. Umri wa chembe hizo ni kama miaka 14,400, yaani kama miaka 4,000 kabla watu wa eneo hilo hawajaanza kulima nafaka. Walisaga ngano mwitu na viazi vya magugu yanayoota kwenye maji, wakakanda mkate bapa, wakauchoma, yamkini kwenye jivu la moto au juu ya jiwe. Hawakuwa na shamba, hamira wala tanuri. Meko walikuwa nayo.

Chuo nilichosoma kilinifundisha kwamba kilimo ndicho kilichotuletea mkate. Sasa kuna wanaoshuku kwamba huenda hamu ya mkate, chakula cha tabu kubwa cha kuokota mbegu moja moja, ilisaidia kuwasukuma watu kuanza kulima. Ushahidi hautoshi kuapa, lakini naona raha kuifikiria.

* * *

Nchi ambayo ingefaa kufundishia hoja ya sura hii ni Finland, kwa kuwa imegawanyika katikati. Wafini wote walikula mkate wa rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa wa ngano, mkate mweusi wenye uchachu. Mwaka 2017, walipoadhimisha miaka 100 ya uhuru wao, waliupigia kura kuwa chakula cha taifa. Lakini mkate wa mashariki na wa magharibi haukuwa mmoja. Mashariki, tanuri kubwa la kuokea ndilo lililopasha nyumba joto. Liliwashwa mara kwa mara kwa ajili ya baridi, na kwa kuwa limewashwa, basi waoke. Wakazoea mkate mnene, laini, wa kila wiki. Magharibi, tanuri la mkate lilikuwa kitu cha peke yake, mbali na moto wa kuotea. Kuliwasha kulitaka kuni za makusudi na siku nzima za kazi, hivyo waliwasha mara chache tu kwa mwaka na kuoka mikate ya miezi. Mkate wa miezi hauwezi kuwa mnene, utaota ukungu. Wakaufanya bapa, wakautoboa tundu katikati, wakautunga kwenye fito ndefu zilizoning'inia chini ya dari, ukakaukia huko juu ya vichwa vyao, panya asiufikie.

Unga ule ule, lugha ile ile, theluji ile ile. Kilichowagawa ni mahali walipoweka jiko.

Majirani zao wa Sweden walikuwa na sababu ya ziada. Vinu vyao vya kusaga viliendeshwa na maji ya mito, na mito ilikuwa na nguvu theluji ilipoyeyuka majira ya kuchipua na mvua zilipokuja vuli. Walisaga nyakati hizo, wakaoka nyakati hizo, na knäckebröd yao, mkate mkavu wa rai unaolia mdomoni, ilitundikwa kwenye fito vilevile. Leo unauzwa dunia nzima kama chakula cha watu wanaojipunguza unene. Wakulima walioubuni wangeshangaa sana.

Sardinia, kisiwa cha wachungaji, walifikia jibu hilo kwa njia nyingine. Pane carasau ni duara pana la unga wa ngano ngumu linalosukumwa hadi liwe jembamba, kisha hutupwa kwenye tanuri la kuni kali sana, nalo huvimba lote kwa sekunde chache. Hutolewa lingali limevimba na kwa kisu chepesi hupasuliwa kuzunguka ukingo, likawa karatasi mbili, upande mmoja laini na wa pili mkwaruzo. Karatasi hizo hupangwa chini ya kitu kizito, kisha hurudishwa tanurini mara ya pili zikauke. Ilikuwa kazi ya wanawake kadhaa waliokusanyika kabla ya alfajiri, mmoja akisukuma, mmoja akioka, mmoja akipasua, maana mkate ukichelewa kupasuliwa karatasi hushikana na haziachani tena. Mchungaji aliubeba milimani kwa miezi. Akitaka kula vizuri aliulowesha kwa mchuzi wa kondoo. Nyumbani waliuwekea rojo ya nyanya, jibini na yai juu. Ukiula mkavu na mafuta ya zeituni na chumvi, nakuonya, huachi.

Armenia nao hukausha. Lavash huvutwa juu ya mto maalumu uliojazwa nyasi au sufi, hupigwa kwenye ukuta wa tanuri lililochimbwa sakafuni, na huiva kabla hujamaliza kumsalimu mtu. Karatasi zikikauka hupangwa kwa ajili ya majira ya baridi. Siku ya kula hunyunyiziwa maji na kufunikwa kitambaa, zikarudi kuwa laini. UNESCO iliuingiza lavash wa Armenia kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014, na miaka miwili baadaye ikaingiza mikate bapa ya Azerbaijan, Iran, Kazakhstan, Kirigizia na Uturuki kwa pamoja. Magazeti ya eneo hilo yaligombana sana juu ya nani mwenye lavash. Siingii humo.

Njia nyingine ya kubana kuni ni kushirikiana tanuri. Kwenye mitaa ya kale ya Moroko, mkate hukandwa nyumbani na kuchomwa kwa jirani mwenye tanuri, ferran. Watoto hubeba mbao zenye madonge yaliyofunikwa kitambaa, na mchomaji huzitambua mbao na mikate ya kila nyumba bila kuandika. Joto la mtaa halikupotea: kule Marrakech, hata jivu la tanuri linalochemsha maji ya hamamu lina kazi, hufukiwa vyungu vya nyama ya tangia vikaiva humo polepole. Altamura, kusini mwa Italia, kila familia ilikuwa na mhuri wake wa mbao wenye herufi za baba mwenye nyumba, na donge liligongwa kabla ya kupelekwa tanuri la mji. Mkate wa huko ni wa unga wa manjano wa ngano ngumu, mkubwa, wenye ganda nene. Ndivyo inavyopaswa kuwa mahali ambapo huna zamu ya tanuri kila siku: ganda ndilo linalohifadhi ndani kusikauke.

* * *

Kuna mikate ambayo haikuutaka moto mkali hata kidogo. Pumpernickel wa Westphalia, Ujerumani, ni rai iliyopondwa bila kusagwa ikawa laini, ikafungwa kwenye bati lenye mfuniko na kuachwa kwenye joto dogo usiku kucha na zaidi. Kanuni za vyakula za Ujerumani zinataka angalau saa 16. Hauna ganda. Wanga hugeuka sukari taratibu, sukari hukolea rangi taratibu, mpaka mkate unakuwa mweusi na utamu wa mbali ambao hakuna aliyeutia. Tanuri lililokwisha choma mikate ya siku lilibaki na joto lisilofaa kwa kitu kingine, na pumpernickel ulikuwa mahali pa kuliweka joto hilo. Mimi mkate huu mtupu siupendi. Uwekewe siagi na samaki wa kukaushwa kwa moshi, tutaelewana.

Iceland walikwenda mbali zaidi, wakaacha moto kabisa. Walowezi waliofika kisiwani karne ya 9 walikuta vichaka vya miti midogo, wakavifyeka kwa ujenzi, mkaa na malisho; wajukuu zao walipikia udongo wa mboji na samadi ya kondoo. Lakini chini ya miguu yao ardhi inachemka. Pale Laugarvatn, kando ya ziwa, unga wa rai uliotiwa sukari hufungwa ndani ya chungu, chungu hufukiwa kwenye mchanga mweusi unaotoa mvuke, na jiwe huwekwa juu kuwa alama ili mtu asifukue cha jirani. Hukaa saa 24. Kinachotoka ni kizito, chenye unyevu, kitamu karibu na keki, na hukatwa kingali moto na kupakwa siagi hadi iyeyuke. Wenyeji wenyewe hutania kwamba mkate huu hulifanya tumbo lingurume na upepo kufuata.

Wachina wa kaskazini wana ngano tele na mkate wasioukausha hata nje. Mantou hupikwa kwa mvuke juu ya karai lile lile la mchuzi, kwenye jiko linalowashwa kwa mabua, na hutoka mweupe pee. Wazulu wana ujeqe, mkate wa mvuke wanaoupika ndani ya sufuria. Nauacha mvuke hapo, una sura yake mbele.

Hata hivyo moto haujibu kila swali. Visiwa vya Karibi mkate wa wenyeji, casabe, ulitawaliwa na sumu. Muhogo mchungu una kemikali inayozaa sayanidi, kwa hiyo hukunwa, kisha chicha hukamuliwa ndani ya mfuko mrefu uliosukwa kwa makuti au matete, ambao ukivutwa unajibana wenyewe. Chicha kavu huchekechwa na kutandazwa juu ya bamba la moto, chembe zikashikana bila maji wala hamira. Mkate huu hukaa miezi, ndiyo maana Wahispania waliupakia melini tangu miaka yao ya kwanza huko. UNESCO waliuorodhesha Desemba 2024 kwa niaba ya Kuba, Jamhuri ya Dominika, Haiti, Honduras na Venezuela. Wareno walipouleta muhogo Afrika, mmea ulivuka na mkate ukabaki. Wakongomani walijitafutia dawa yao: waliuloweka muhogo siku kadhaa, wakautwanga, wakaufunga kwa majani mapana na kuupika. Kwanga, ukiuvua majani yake, ni mkate kamili, na anayeula kwa samaki wa kuchoma haulizi ngano iko wapi.

Injera, mkate bapa wa Ethiopia, nayo ina mabwana wawili, nafaka na moto. Tefu, nafaka ya Ethiopia yenye mbegu ya takriban milimita moja, haina gluteni, ule mnato unaoishika hewa katika ngano, kwa hiyo hata ungepewa tanuri la Altamura usingepata boflo. Rojo yake huchachushwa siku mbili tatu kwa maji ya manjano yaliyowekwa akiba kutoka rojo iliyopita. Sehemu kidogo huchemshwa ikawa uji na kurudishwa. Kisha mpishi huimimina kwa mzunguko juu ya mitad, sahani ya udongo yenye upana wa kama nusu mita au zaidi, akianzia ukingoni akimalizia kati. Vitobo hufunguka juu, kimoja kimoja, halafu vyote kwa pamoja. Mlaji wa chila ataviona na kutabasamu. Hufunika, haigeuzi. Upande wa chini ubaki laini, wa juu ubaki na macho yake, kwa kuwa macho ndiyo yanayobeba mchuzi.

* * *

Linganisha haya na mkate mweupe wa slesi. Mwaka 1961 watafiti wa kituo kimoja cha Chorleywood, karibu na London, walipata njia ya kukanda unga kwa mashine za kasi kubwa kwa dakika chache, pamoja na mafuta na viungo vya kusaidia, ili saa za kungoja uumuke zipunguzwe na ngano hafifu ya Uingereza ifae. Kutoka unga hadi mkate uliokatwa na kufungwa ni kama saa tatu na nusu. Sehemu kubwa kabisa ya mkate wa Waingereza huokwa hivyo, na njia hiyo imesambaa nchi nyingi. Hauna aibu mbele ya chai ya maziwa. Lakini ule na uutafakari, hutajua umetoka kwenye moto gani.

Ya ajabu ni jinsi maumbo yanavyoishi kuliko moto ulioyazaa. Finland mikate ya rai yenye tundu katikati ingali imejaa madukani, ndani ya mifuko ya plastiki, kwa watu ambao dari zao hazijawahi kuwa na ufito. Hakuna anayeutungika. Wangeliziba tundu wangemuuzia mteja mkate zaidi, na mteja angeukataa.

Addis Ababa jambo hilo lina gharama. Kuchoma injera hula sehemu kubwa ya kuni za nyumba ya Ethiopia, kwa kuwa sahani ni pana na inatakiwa ipate moto sawasawa hadi pembeni. Umeme ulipoenea mijini, mafundi wangeweza kuwashawishi watu wapike injera ndogo kwenye sahani ndogo ya chuma. Hawakufanya hivyo. Waliichukua sahani ya udongo kwa upana wake ule ule, wakachonga mifereji upande wa chini, wakalaza nyaya za joto humo na kuzifunika. Mitad moja ya umeme huvuta kilowati tatu hadi nne, mzigo wa pasi kadhaa kwa mpigo. Wengi wenye mitad ya umeme bado hawajaitupa ile ya kuni, kwa kuwa siku umeme ukikatika, rojo iliyokwisha chacha siku tatu haiwezi kuambiwa ingoje wiki ijayo.